Taa, mita au dairekti: kipi kitumike kutafuta hitilafu ya umeme katika kiyoyozi cha lori la zamani

Kiyoyozi cha lori la zamani kikiacha kupoza, lawama ya kwanza huangukia gesi na ya pili huangukia kompresa, pampu inayosukuma gesi hiyo. Ni kweli kwamba gesi huvuja na kompresa huchoka, lakini lori ambalo nyaya zake zimekula vumbi, mafuta na mtikisiko kwa miaka mingi lina sababu nyingine nyingi za kugoma ambazo hazihusiani na gesi hata kidogo. Sababu hizo hupatikana kwa kupima, wala si kwa kubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine mpaka bahati iangukie kilichoharibika. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuamua ni chombo gani kitumike kupimia. Vinavyotumika sana ni vitatu: taa ya kupimia, ambayo ni balbu ndogo yenye ncha kali upande mmoja na waya wa kibanio upande wa pili, mita ya dijitali inayosoma volti (msukumo wa umeme), omu (ukinzani) na ampea (kiasi cha umeme kinachopita), na kipande cha waya cha kuunga dairekti, ambacho hupeleka moto, yaani umeme wa betri, kwenye kifaa kwa kuruka swichi zote na rilei, yaani swichi zinazoendeshwa na umeme mdogo.

Vitu hivi hushindanishwa kana kwamba kimoja kinaweza kushika nafasi ya kingine, ilhali kila kimoja hujibu swali lake. Taa hueleza kama waya una uwezo wa kubeba mzigo, yaani umeme ambao kifaa huvuta, mita hueleza volti ni ngapi na zinapotelea wapi, na dairekti hueleza kama kifaa chenyewe ni kizima. Msimamo wangu, ambao nitautolea sababu, ni kwamba katika nyaya za zamani kipimo kinachoaminiwa kuliko vyote, yaani mita inayosoma volti kwenye plagi iliyochomolewa, ndicho kinachopotosha kuliko vyote.

Kabla ya kuchagua chombo

Kwanza ijulikane kama tatizo ni la umeme. Injini ikiwa imewashwa, blowa (feni inayopuliza hewa kabini) imewekwa kasi ya juu na swichi ya kiyoyozi imebonyezwa, itazamwe sahani ya mbele ya klachi, ile inayounganisha kompresa na puli yake, kutoka umbali salama, mbali na mkanda na feni. Puli huzunguka wakati wote. Sahani hiyo huzunguka pale tu klachi inaposhika. Ikiwa sahani inazunguka pamoja na puli na hewa inatoka kwa nguvu lakini haina ubaridi, umeme wa klachi na wa blowa umeshafanya kazi yake, na uchunguzi uhamie kwenye gesi, kondensa na vali. Ikiwa sahani imesimama, au inashika na kuachia ovyo, au blowa haivumi, basi yaliyo hapa chini yanahusika.

Ni muhimu pia kujua njia ambayo moto hupita. Katika malori mengi ya zamani moto hutoka kwenye fyuzi, ukapita swichi ya blowa, ukaja swichi ya kiyoyozi, kisha thamostati ya evaporeta (kipoza hewa cha ndani ya kabini) ambayo hukata karibu na nyuzi 0 hadi 2 za selsiasi ili barafu isijenge, halafu swichi ya presha, na mwisho rilei, ambayo ndiyo hupeleka moto mkubwa kwenye koili ya klachi, waya uliozungushwa ambao hugeuka sumaku na kuvuta sahani. Koili hurudisha umeme kwa ethi, yaani njia ya kurudi upande hasi wa betri, ama kwa waya wake ama kupitia mwili wa kompresa na injini. Kwa kuwa swichi hizi zimepangwa kwa foleni, moja tu ikikatika klachi haishiki, na kwa kuwa swichi ya blowa huwa ya kwanza, kiyoyozi cha aina hii hakiwaki kabisa blowa ikiwa imezimwa. Wapo waliofungua dashibodi nzima wakitafuta hitilafu ambayo haikuwepo kwa kutojua hilo.

Mfumo wa lori ukishajulikana kama ni wa volti 12 au 24, balbu ya taa ya kupimia ilingane nao. Balbu ya 12 itaungua mara moja kwenye mfumo wa 24, na ya 24 kwenye mfumo wa 12 itawaka kwa ufifi hata pale ambapo hakuna tatizo lolote.

Waya mmoja, majibu yanayopingana

Tuchukue waya unaoingia kwenye koili ya klachi katika lori la volti 12. Ganda lake la nje linaonekana zima, lakini sentimita chache nyuma ya plagi unyevu umeingia, shaba imegeuka unga wa kijani, na kati ya nyuzi nyingi nyembamba zilizomo zimebaki mbili au tatu zinazogusana vibaya. Tuseme sehemu hiyo imeongeza ukinzani wa omu 5. Koili nzima ya volti 12 huwa na takriban omu 3 hadi 5, tuchukue 3.6, ambayo huvuta kama ampea 3.3.

Plagi ikichomolewa na mita kuwekwa kwenye waya, itasoma volti 12 kamili. Haidanganyi, imejibu swali iliyoulizwa. Mita nyingi za dijitali zina ukinzani wa ndani wa omu milioni 10, hivyo huvuta umeme mdogo mno kiasi kwamba omu 5 za kutu hazionekani kabisa. Fundi akiona 12 husema moto unafika, kwa hiyo koili imekufa, na kompresa inaagizwa. Lakini plagi ikirudishwa, volti 12 zinagawanywa kati ya omu 5 za kutu na omu 3.6 za koili, na koili inabaki na volti 5 tu, ambazo kwa kawaida hazitoshi kuvuta sahani ya klachi.

Taa ya kupimia husifiwa kwa sababu huvuta umeme, na sifa hiyo ni ya haki, ingawa ina mpaka wake. Balbu ya kawaida ya wati 5 huvuta takriban ampea 0.4. Kwenye waya uleule itapata zaidi ya volti 10 na kuwaka vizuri tu, ikiwa imefifia kidogo kiasi ambacho jicho halitatambua mchana wa jua kali. Balbu ya wati 21, ile inayotumika kwenye indiketa, huvuta ampea 1.75 na hapa itapata volti 6 hadi 7 hivi, ikawaka kwa wekundu hafifu ambao hakuna atakayeukosea. Kwa hiyo anayetaka taa kwa ajili ya njia ya klachi ajitengenezee ya wati 21 yenye soketi na nyaya mbili. Itamweleza mengi kuliko ile nyembamba yenye umbo la kalamu. Taa za kupimia zenye LED zivutazo sehemu chache tu za elfu za ampea moja ziko upande wa mita katika jambo hili: huwaka kwa furaha kwenye waya uliooza.

Hata hivyo mita inaweza kuishinda taa yoyote kwa sharti moja tu, kwamba ipime wakati mzigo umeunganishwa. Plagi ibaki mahali pake, klachi iwe imeamriwa kushika, na ncha ya mita ipenyezwe nyuma ya plagi mpaka iguse chuma. Sasa mita itasoma volti 5 ileile ambayo koili inaiona, na suala linakwisha. Tofauti kati ya kusoma na plagi na kusoma bila plagi ndiyo inayotenganisha kupima na kubahatisha, na naiweka mbele ya tofauti yoyote ya bei au ubora wa vyombo.

Kufuatilia volti zinapopotelea

Taa ikishaonyesha kwamba kuna upotevu, haiwezi kusema uko wapi wala ni wa kiasi gani, na hapa mita haina mshindani. Klachi ikiwa imeamriwa kushika, ncha nyeusi huwekwa kwenye nguzo hasi ya betri na nyekundu kwenye chuma cha kompresa, au kwenye waya wa ethi wa koili kama upo. Usomaji ukizidi volti 0.2, njia ya kurudi ni mbovu: mkanda wa ethi kati ya injini na chesisi umelegea, au kompresa imefungwa juu ya rangi na kutu. Kisha ncha nyekundu huhamia nguzo chanya ya betri na nyeusi nyuma ya plagi ya koili upande wa moto. Jumla ya upotevu kutoka betri mpaka hapo haifai kuzidi nusu volti hivi. Ukikuta volti 3, rudi nyuma hatua kwa hatua: mguu wa rilei unaotoa, mguu unaoingiza, upande wa pili wa fyuzi, upande wa kwanza wa fyuzi. Pale ambapo namba inashuka ghafla, kosa liko kati ya pointi hiyo na iliyotangulia.

Fyuzi zinastahili kuangaliwa kwa makini zaidi ya zinavyoangaliwa. Malori ya zamani ya Ulaya yalitumia fyuzi zenye umbo la risasi ndogo, zenye ncha za chuma zinazoshikwa na vibanio vya shaba. Waya mwembamba wa juu huonekana mzima kabisa, lakini ncha zimeota ukungu mweupe na vibanio vimepoteza nguvu ya kubana. Anayeangalia kwa jicho tu ataipitisha. Taa ikiguswa upande mmoja na kisha wa pili itaonyesha tofauti ndani ya sekunde chache, na kwa kazi hii ya kupitia sanduku zima la fyuzi taa ni ya haraka kuliko mita, hasa kwa mtu aliyejikunja chini ya dashibodi asiyeweza kuona skrini.

Nitaje mahali pengine ambapo wengi hawapatazami. Lori lenye kabini inayoinuliwa lina mshipi wa nyaya unaojikunja kwenye bawaba kila kabini inapofunguliwa. Baada ya miaka, waya hukatika ndani ya ganda lake bila ganda kupasuka. Ukiushika kwa vidole viwili na kuupinda taratibu, mahali palipokatika hulegea kuliko kwingine. Kipimo cha omu hapa ni cha kutiliwa shaka: uzi mmoja uliobaki unatosha kuifanya mita ilie na kuonyesha omu sifuri na kitu, ingawa uzi huo hauwezi kubeba ampea 3 bila kupata joto kali. Kwa waya wa mahali hapa taa ya wati 21 ni bora, kwa sababu inaweza kuachwa ikiwaka huku mtu akiutikisa mshipi na kutazama mwanga ukiruka. Kwa tatizo la kuja na kuondoka barabarani, nyaya za taa hiyo zinaweza kurefushwa hadi kabini, zikaungwa sambamba na koili, na taa ikafungwa mahali ambapo abiria ataiona: klachi ikiachia huku taa ikiendelea kung'aa, moto ulikuwepo, na uchunguzi uende kwenye koili au nafasi ya klachi; taa ikizimika, kosa liko kwenye njia ya moto au ya ethi.

Kazi ambazo omu zinafaa

Sisemi kipimo cha omu hakina maana. Ni kipimo cha kifaa kilichochomolewa na kupozwa, kisicho na moto ndani yake. Koili ya volti 12 ikisoma omu 3 hadi 5, au ya volti 24 ikisoma takriban 12 hadi 18, haijakatika. Ikisoma isiyo na mwisho imekatika, na ikisoma karibu na sifuri imepiga shoti na ndiyo inayounguza fyuzi. Koili ya ndani ya rilei ya volti 12 husoma takriban omu 70 hadi 100, kati ya miguu 85 na 86. Moto mkubwa huingia mguu 30 na kutoka 87. Rilei inayolia tak haijathibitishwa kuwa nzima, kwa sababu mlio ni wa koili, na viguso vyake vinaweza kuwa vimeungua. Viguso hupimwa kwa upotevu wa volti kati ya 30 na 87 vikiwa na mzigo.

Kuna hitilafu moja inayopita mbele ya mita iliyopoa bila kuonekana, nayo ni klachi inayoshika asubuhi na kuachia injini ikishapata moto. Ukinzani wa shaba hupanda kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya selsiasi, hivyo koili ya omu 3.6 kwenye nyuzi 20 inafika omu 4.7 ikiwa kwenye nyuzi 100, na umeme unaopita hupungua kutoka ampea 3.3 hadi 2.5 hivi kwa volti 12. Klachi iliyo sawa huvumilia upungufu huo. Klachi iliyochakaa, ambayo nafasi kati ya sahani na puli imepanuka kupita kiasi, haivumilii. Nafasi hiyo kwa kompresa nyingi ni kati ya milimita 0.4 na 0.8, na hupimwa kwa vibapa vya unene. Volti zikiwa kamili kwenye plagi iliyounganishwa na klachi bado imeachia, sukuma sahani kwa mpini wa mbao injini ikiwa imezimwa na swichi ya kuwashia ikiwa imewashwa na klachi imeamriwa kushika. Ikinasa na kubaki imeshika, tatizo ni nafasi, si waya.

Dairekti: jibu la haraka lenye masharti

Kuunga dairekti hupendwa kwa sababu hutoa jibu kwa sauti. Waya ukitoka betri kwenda koili na klachi ikashika kwa kishindo, koili na ethi vimethibitishwa kwa pamoja, na hakuna kipimo kingine kinachofanya hivyo kwa haraka kiasi hicho. Rilei ikichomolewa na tundu la 30 kuungwa na la 87, nusu nzima ya njia inathibitishwa kwa tendo moja: klachi ikishika, kosa liko rilei au upande wa swichi, isiposhika, liko kati ya fyuzi, tundu na koili.

Masharti yake yasipuuzwe. Waya uwe na fyuzi yake, ya ampea 7.5 au 10 kwa klachi ya volti 12. Mwelekeo wa chanya na hasi uzingatiwe, kwa sababu koili nyingi zina daiodi ya kuzuia mruko wa umeme, na nyaya zikigeuzwa daiodi hiyo inaungua au inapiga shoti. Swichi ya presha ya juu, ambayo katika mifumo ya gesi ya R-134a kwa kawaida hukata presha inapokaribia bar 30, isirukwe injini ikiwa inawaka. Ile ya presha ya chini irukwe kwa sekunde chache tu, kwa kuwa mafuta ya kompresa hubebwa na gesi, na kompresa inayozunguka bila gesi hujiharibu yenyewe. Lori linalotembea siku nzima na waya wa dairekti chini ya boneti linasubiri kununuliwa kompresa.

Swichi ya presha ya chini ndiyo inayowatatiza wengi, kwa vile taa au mita itaonyesha moto upande mmoja na kukosa upande wa pili, na hitimisho rahisi ni kwamba swichi imekufa. Huenda inafanya kazi yake sawasawa. Kwenye mfumo uliotulia wenye R-134a ya kutosha, katika nyuzi 25 geji husoma takriban bar 5.7; ikiwa inasoma chini ya bar 2, swichi iliyofunguka ni nzima na tatizo la umeme limegeuka kuwa la gesi. Hapa hakuna chombo cha umeme kinachoweza kutoa jibu peke yake.

Blowa na fyuzi inayoungua

Njia ya blowa ina tabia nyingine kwa sababu mzigo ni mkubwa: katika volti 12 mara nyingi ni ampea 15 hadi 25 kwa kasi ya juu. Kwa umeme huo omu 0.1 tu kwenye plagi hula volti 2 na kuzalisha joto la wati 40 likiwa ni ampea 20, na ndiyo maana plagi ya blowa hukutwa imeyeyuka na kugeuka kahawia. Omu hazisaidii, kwani nyaya za mita zenyewe zinaweza kuwa na omu 0.1 au zaidi. Taa nayo haisaidii, maana mzigo wake ni mdogo mno kulinganisha na ule wa blowa. Kitumike kipimo cha upotevu wa volti, au mita ya kubana waya, mradi iwe ya aina inayosoma umeme wa betri, kwa kuwa nyingi husoma ule wa majumbani tu. Blowa inayofanya kazi kwa kasi ya juu peke yake mara nyingi ina rezista iliyokatika, na dalili hiyo haihitaji chombo chochote kuigundua.

Kwa fyuzi inayoungua kila inapowekwa, taa inaongoza. Plagi za koili na blowa zichomolewe kwanza, la sivyo taa itawaka kupitia vifaa hivyo na kumpotosha mtu. Kisha taa iwekwe mahali pa fyuzi. Ikiwaka kwa nguvu, waya umegusa chuma mahali fulani, na utikisaji wa mshipi sehemu kwa sehemu utaonyesha wapi, bila kupoteza fyuzi hata moja.

Nani achague nini

Mwenye lori lisilo na kompyuta, anayetaka chombo kimoja cha kubeba safarini, namshauri mita, kwa sharti la kupima na plagi ikiwa mahali pake. Akiweza kubeba viwili, aongeze balbu ya wati 21 na soketi yake. Waya wa dairekti wenye fyuzi uwe wa tatu, na utumike baada ya vile viwili kuonyesha mwelekeo. Kwa malori ambayo rilei ya kompresa huamriwa na kompyuta ya injini, taa kubwa isitumike kwenye nyaya zinazotoka moja kwa moja kwenye kompyuta, kwani zinaweza kuwa hazijatengenezwa kubeba ampea hizo. Huko mita ndiyo pekee, na taa ibaki upande wa mguu 87 na kuendelea.

Matengenezo yakishamalizika, kipimo cha mwisho kifanywe injini ikiwaka, taa kubwa zikiwa zimewashwa, blowa ikiwa kasi ya juu na klachi ikiwa imeshika: volti kati ya miguu miwili ya koili isipungue ile ya betri kwa zaidi ya 0.7 hivi. Namba hiyo iandikwe kwenye kipande cha utepe wa gundi karibu na sanduku la rilei, pamoja na tarehe, ili kiyoyozi kikigoma tena mtu awe na cha kulinganisha nacho.